Mkono wa Chaki

Mwalimu mkuu wetu aliandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko wake ulitushinda sote kwa uzuri pale shuleni, katika kijiji cha upande wa Bunda. Ilikuwa miaka ya ujamaa: asubuhi tunafundisha watoto, mchana tunapalilia pamba ya shule, jioni kisomo cha watu wazima. Alikuwa mnene, nasi tulijivunia kitambi chake. Shule yenye mkuu mwenye kitambi haikuwa ya mchezo. Chumvi aliiweka katika boksi tupu la chaki mezani kwake, akainyunyiza hata kwenye samaki aliyekwisha kukolea.

Siku moja akasema mkono wa kushoto unamuuma, kutoka begani hadi kidole cha mwisho.

"Chaki hiyo," nikamwambia. "Ubao utatumaliza, mkuu."

Ofisi nzima ilikubali. Nani asingekubali? Kila mwalimu alikuwa na bega lake bovu. Nikajitolea kumwandikia ubaoni, mkewe akawa anamchua kwa samli, tukaona tumemtibu.

Lakini nilianza kuona jambo nisilolipenda. Mkono ulimuuma tukipanda kilima kwenda shambani. Alisimama, akajifanya anatazama mawingu, jasho likimtoka kabla jua halijawa kali. Akipumzika, maumivu yanaacha. Nililiona, nikaogopa, nikanyamaza. Nani amfundishe mkuu wake?

Wiki ya tatu akaniuliza, "Sijashika chaki siku zote hizi. Mbona mkono bado unaumaga?"

"Ni uchovu wa zamani unatoka," nikamjibu, kana kwamba najua.

Kesho yake alianguka katikati ya kilima, jembe begani. Tulimpeleka Bunda kwa tela la trekta, akafika mwili umeshapoa. Daktari akauliza kama aliwahi kulalamikia kifua au mkono. Nikasema mkono, ndiyo, ila ule ulikuwa wa chaki. Aliacha kuandika, akanitazama.

"Huo ulikuwa moyo, mwalimu."

Najikasirikia hadi leo. Nimestaafu, naishi Musoma, kitambi ninacho, na chumvi sijaiacha. Juzi nilipokuwa napanda kutoka ziwani na samaki wangu, mkono wa kushoto ulinibana hadi nikasimama. Watu walikuwa wanapita, nikajifanya natazama mawingu.

Mimi naandika kwa mkono wa kulia.