Ovaroli za Grisi

"Alhamisi, mwezi wa tatu, 2008. Vumbi tangu alfajiri, nyumba za ng'ambo ya barabara hazionekani." Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu nikiwa na miaka kumi na moja. Hadi leo nikisikia harufu ya grisi iliyochanganyika na sabuni ya unga, roho hainitulii. Tulikaa ugenini, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud katika mji wa Waarabu, Baba, Mama na mimi, chumba kimoja na jiko la kushirikiana. Baba alikuwa msaidizi wa fundi kwenye karakana ya tajiri mmoja aliyekusanya ndege za kale. Alikuwa na ovaroli maalumu za kupakia grisi, alizozivaa Alhamisi tu, na kuzifua ilikuwa kazi yangu. Grisi haibembelezwi, nilisugua hadi vidole vikachubuka. Alhamisi ile zilitakata kwa maji ya kwanza. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Ndege iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kivita, ya kiti kimoja, iliyopigana katika vita vikuu vya pili. Niliiona mara moja, rangi ya mchanga, imesimama juu ya miguu miembamba kama ya kuku. Ilikuwa na kitabu chake, mfano wa kadi ya kliniki ya mtoto: kila aliyeitibu tangu huko vitani aliandika alichofanya, akatia sahihi. Sasa, karani wa karakana alifunga kitabu Alhamisi saa sita, na grisi ya miguu ya ndege hupakwa alasiri. Kwa hiyo watu walisaini kwanza, wakafanya kazi baadaye. Sisemi walikuwa wavivu. Kazi waliifanya, ila kalamu ilitangulia. Siku ile Baba alikwisha kusaini, vumbi likazidi, wakaambiwa waende nyumbani. Baba akawaza atapaka kesho baada ya sala ya Ijumaa, maana ndege ingeruka alasiri.

Upepo ukatulia usiku, wakairusha asubuhi bila kumwambia. Ilipotua, mguu wa kushoto ulikunjika, bawa likaburuta chini, panga za mbele zikapinda. Rubani alitoka mzima. Baba alipigiwa simu akiwa tayari amevaa kanzu ya kwendea msikitini: Jumamosi saa mbili afike kwa mudiri, mkuu wa karakana. Kosa likiwa lake, angefutiwa kibali, na sisi sote tungerudishwa Tanga.

Jioni akaja Fundi Opio, Mganda, mkubwa wake Baba kazini. Alikuwa na nakala ya kurasa za zamani za kile kitabu. "Zuhura, soma wewe," aliniambia. "Mwandiko wa hawa wazungu ni kama nyayo za mende."

Nikasoma kwa kuokoteza. Ndege imefika jangwani. Imepigwa risasi mkiani, imezibwa. Halafu: imetua vibaya, mguu wa kushoto umekunjika, umenyooshwa, umerudishwa. Chini yake sahihi.

"Umenyooshwa," Opio alirudia, akapiga goti lake. "Hawakuweka mpya. Baba Zuhura, ndege hii ni kilema tangu ujana wake. Kesho unawapa karatasi, unanyamaza. Na ovaroli zako za jana lete, waone ulivyooga grisi."

Baba alitazama sakafu. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Nimezifua," nilisema.

"Yaani mtoto huyu! Umefua ushahidi?"

Kufua nilifua kweli, sikusema uongo. Lakini Baba aliinua macho akanitazama, nami nikachelewa kuangalia pembeni. Akajua kwamba najua hazikuwa na grisi. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hawasemi ni nani anayesimama mwisho wa njia hiyo. Usiku ule alikuwa ni mimi, na sikupenda.

Jumamosi Baba alirudi mchana amebeba sanduku lake la vifaa. Opio alimfuata nyuma, hasira zimempanda. "Karatasi ilishamwokoa," alimwambia Mama. "Wamepasua mguu, wamekuta ufa wa zamani. Grisi isingesaidia kitu. Mudiri anafunga faili, mumeo anasema, 'Ila mimi sikupaka.' Nani alikuuliza, Baba Zuhura?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Baba.

Hakufukuzwa. Alitolewa kwenye kazi za ndege, akawekwa mlinzi wa ghala mtaa wa Abu Hamour, na hakushika tena spana. Mudiri angeweza kufanya vibaya zaidi. Hilo lazima niliseme.

Leo nafua shuka za hoteli mtaa wa Al Thumama, mji uleule. Mashine inafanya kwa dakika arobaini kilichonichubua mimi utoto mzima. Kila jioni tunasaini karatasi ya usafi, na wenzangu wakiwa na haraka husaini mapema. Nami nimesaini mapema, mara mbili. Shule niliishia kidato cha pili, si mtu wa kupima haki za watu, na bado sijui kama Baba alisema kwa ajili ya Mungu au kwa sababu ya macho yangu. Nikimpigia simu Tanga nimuulize, anauliza hali ya hewa ya huku.

Jumamosi ile Mama alipika wali na dengu. Opio alikataa kukaa, kisha akakaa, akala kuliko wote. Baba alinawa mikono muda mrefu kabla ya kula, ingawa ilikuwa safi.