Picha ya Kageni

Enzi zetu, kupigwa picha kulikuwa kama kwenda kanisani: uliogeshwa kwanza. Mama alitusugua nyayo kwa jiwe, akatupaka mafuta mpaka tukang'aa, kisha tukatembea kutoka Kanja hadi studio ya Runyenjes. Huko tulisimama mbele ya pazia lililochorwa maua, mikono imenyooka kama ya askari, na ole wako ukicheka. Ndiyo maana watu wa rika letu wote wanaonekana wamenuna katika picha za utotoni. Hatukuwa tumenuna. Tulikuwa tumeambiwa tusipumue!

Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, hakuzipenda picha hizo. Alipopata kamera yake mwenyewe alianza kutupiga picha bila kutuonya. Alimpiga mama akipuliza moto, macho yamejaa machozi ya moshi. Alinipiga mimi nikiteleza mteremkoni juu ya gome la mgomba, meno ya mbele hayapo. Mama alilalamika, "Baba Wanja, unamaliza filamu na watu wachafu!" Baba alijibu, "Hao ndio watu wangu."

Likizo moja ya Aprili alinichukua twende Meru kumwona tata, dada yake aliyeuza nguo Makutano. Barabara ilikuwa ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipopita Chuka, basi likazama kwenye matope katikati ya mlima. Wanaume walikunja suruali wakaanza kusukuma, wakimhimiza baba, "Mwalimu, sukuma!" Sisi watoto tulisimama kando tukitetemeka.

Mama mmoja alitoka kwenye boma lililokuwa juu ya barabara, mtoto mgongoni, akiwa na sufuria ya uji. Hakuuliza sisi ni wa nani. Alitugawia uji kwa kikombe kimoja, ukiwa moto, wenye harufu ya moshi na wimbi lililochachuka kidogo. Mpaka leo sijanywa uji mwingine kama ule. Mtoto wake alinikodolea macho. Nikamtolea ulimi, naye akaangua kicheko, mwili wote ukitikisika ndani ya kanga. Mama yake akageuza shingo kumtazama, akacheka pia. Hapo ndipo baba alipopiga picha.

"Woi, mwalimu! Na sijanawa hata uso!" mama yule alilia.

"Umetoka vizuri. Nitakuletea picha. Mtoto anaitwa nani?"

"Kageni. Lakini wacha kunidanganya. Wenye kamera wote husema watarudi."

"Mimi nitarudi," baba alisema.

Siku hizo filamu haikuoshwa kabla haijaisha, na baba aliitumia kwa uchoyo. Ilipoisha aliipeleka Embu mjini, tukangoja tena. Nilikuwa nikimuuliza kila jioni kama Kageni ametoka. Picha ilipokuja, hata mama aliishika akaitazama kwa muda mrefu. Likizo ya Agosti tukaipeleka.

Tulimkuta Mama Kageni akichuma kahawa. Baba aliita kutoka langoni, amefurahi kama mtoto, "Mama Kageni! Nimerudi! Kageni yuko wapi? Najua ameshaanza kutembea."

Mama yule alishuka polepole kati ya mibuni. Mgongoni hakuwa na mtu.

"Kageni alituacha, mwalimu," alisema. "Homa. Mvua zilipokuwa zikiisha."

Baba aliishikilia bahasha asijue aifanyie nini. Nilimwona akitaka kuirudisha mfukoni. Lakini mama yule alikuwa ameshaiona.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Kama si vizuri sasa, naweza..."

"Nipe."

Alijifuta mikono kwenye rinda, akaitoa picha kwa ncha za vidole. Aliketi chini, pale pale kwenye majani ya kahawa. Mimi nilitaka kukimbia. Kisha akaita kwa sauti iliyopasuka, "Baba Kageni! Njoo uone! Anacheka!" Akamgeukia baba. "Nilikuwa nimeanza kusahau vile alikuwa anacheka. Nakumbuka tu vile alilia."

Mumewe alikuja mbio, jembe mkononi. Wakainamia ile picha wote wawili, wakionyeshana jino la chini, kishimo cha shavu, mguu uliotokeza kwenye kanga. Hawakuturuhusu tuondoke bila kula. Njiani baba alinishika mkono kwa nguvu.

Sasa baba ametuacha, na barabara ile ni ya lami laini. Juzi nilipita kwa matatu na mjukuu wangu tukielekea Meru. Alikuwa akijipiga picha kwa simu, uso ule ule, mara nisizoweza kuhesabu, na kila alipocheka meno yakaonekana aliifuta picha. "Hiyo nimetoka vibaya, cucu." Nilitaka kumweleza, lakini tulikuwa tumefika kwenye ule mlima, nikabaki nikitafuta boma dirishani. Nyumba za mawe zimejaa, mageti yamefungwa.

"Dereva, hapa nani anaishi siku hizi?" niliuliza. "Hebu punguza mwendo kidogo."

"Hapa hakuna steji, mama," alinijibu, na gari likapanda mlima bila hata kukohoa.