Sanduku la Posta la Mama wa Maziwa

Kwa siku nne sasa usingizi unanipaa, na sababu ni mstari mmoja tu. Nimemaliza digrii, natafuta kazi, na kila fomu ninayojaza inataka anwani ya kudumu. Mwenzangu ninayeishi naye hapa huujaza mstari huo bila hata kufikiri. Mimi huweka kalamu chini nikaanza kuwaza. Ya kudumu mpaka lini? Utanicheka, najua, lakini wewe hukuzaliwa katika nyumba ya kambi, ndani ya shamba la chai la watu, kule upande wa Kericho.

Nyumba zetu zilipangwa kwa mistari, kuta nyeupe na mabati mekundu, na kila nyumba ilikwenda na kazi. Aliyestaafu alirudisha ufunguo mwisho wa mwezi, na jina lake likafutwa mlangoni. Baba alifanya kazi kiwandani, upande wa kukausha majani, na shati lake lilinukia chai hata baada ya kufuliwa. Mama alichuma majani. Alfajiri tuliamshwa na king'ora cha kiwanda, na saa tisa mchana mvua ilifika, kila siku, kana kwamba nayo imeandikwa kazi. Jioni kambi nzima ilijaa moshi wa kuni za mkaratusi, na kwetu, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya.

Nilikuwa kidato cha nne. Ijumaa moja, tukienda likizo fupi ya katikati ya muhula, naibu wa mwalimu mkuu alitugawia fomu za kuomba nafasi ya chuo kikuu, kila mtu moja, zirudi Jumatatu. Alisema hakuna nyingine, na atakayeharibu yake amejiharibia mwenyewe. Nilitembea kilomita sita nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Kozi hazikunisumbua. Niliandika ualimu, kisha ualimu tena katika chuo kingine, kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee ya msomi niliyowahi kuiona kwa karibu. Kilichonishinda ni anwani. Siku hizo barua ya kuitwa chuoni ilikuja baada ya mwaka mzima na zaidi, na baba alikuwa anastaafu Desemba. Nikiandika sanduku la shamba, barua ingefika wakati mlango wetu una jina la mtu mwingine. Mwalimu alikuwa ametukataza sanduku la shule, kwamba barua hulala ofisini mpaka mwenyewe akate tamaa. Na nyumbani kwa kina baba, kando ya ziwa, barua zilipitia shule ya msingi. Ile ya kutuambia shangazi amefariki ilitufikia baada ya mazishi. Barua yangu ikipotea, nafasi imepotea. Hakuna ambaye angenitafuta.

Wa kumuuliza sikuwa naye. Hapo kambini hakuna aliyewahi kuiona fomu kama ile. Wasichana niliokua nao walikuwa tayari wamefunga vikapu vya chai mgongoni, wengine wameolewa. Nilipopita waliniita profesa, na mmoja akauliza karatasi hiyo wanaipima kilo ngapi. Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba, mahali tulipokuwa tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, pamoja.

Jumamosi asubuhi alinikuta hapo mama wa maziwa. Shamba lake dogo lilikuwa ng'ambo ya ua wa misipresi, chai kidogo, mahindi na ng'ombe wawili. Alikuwa Mkipsigis, mwenyeji wa hapo, nasi watu wa ziwani, na alituuzia maziwa tangu nikiwa mchanga. Aliniita chepto, yaani msichana kwa lugha yao. Omena wetu aliwaogopa. Alisema hawezi kula kitu kinachomwangalia kwa macho mia moja. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, watu wao na wetu walipopigana, hakuonekana kwa wiki tatu. Kisha akarudi na kibuyu chake. Alipima tu kikombe cha kwanza hadi kikamwagika.

Aliuliza kwa nini nimekunja uso, na kwa vile hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza, nilimweleza yote. Alisikiliza amesimama, kibuyu begani.

"Andika boksi yetu," alisema. "Mzee anaenda posta kila Ijumaa. Ikikuja nitaiweka kwa kabati ya vikombe."

"Na kama tutakuwa tumeshaondoka, mama?"

"Nyinyi ndio mnaondoka, chepto. Mimi nitaenda wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno hayo yalinichoma na kunituliza kwa pamoja, na mpaka leo sijajua lipi lilizidi.

Baba alikataa. Mwaka ule wa fujo alilala na viatu miguuni kwa wiki tatu hizo hizo, na hakuwa amesahau. "Nyara," aliniambia, na baba aliniita binti yangu kwa Kijaluo pale tu jambo lilipokuwa zito, "tuna hiyo barua tu. Huwezi kuiacha kwa watu." Mama aliendelea kusonga ugali. Baadaye baba akasema fomu ni yangu, niandike mwenyewe, akatoka nje. Afadhali angenigombeza. Jumapili yote niliandika kwa penseli na kufuta: la shamba, la ziwani, la mama wa maziwa. Je, mzee wake akifa? Fujo zikirudi? Ng'ombe akiitafuna? Karatasi ilianza kuwa nyembamba pale kwenye mstari.

Nilipita huko mwaka jana. Nyumba zimepakwa rangi nyingine na watoto wa mlangoni kwetu waliniamkia kama mgeni. Ng'ombe hawapo. Mama wa maziwa amehamia kwa binti yake, huko Kaplong, na ua wa misipresi umekatwa, hata sikuona vizuri mpaka ulikuwa wapi. Barua ilikuja, kama unavyoona. Ilikaa kabatini siku mbili, kisha akamkabidhi mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akirudi ziwani, na ilinifikia ikinuka omena. Siku hizi hakuna mtu anayenihifadhia kitu.

Lakini Jumatatu ile sikujua lolote kati ya hayo. Niliketi kizingitini kabla ya king'ora, nikachukua kalamu ya wino na kuandika namba ya sanduku lao na jina la mzee wake, nikikandamiza hadi maandishi yakatokeza upande wa pili. Niliifunga fomu ndani ya karatasi ya sukari, nikaiweka chini ya sweta, nikashika njia kati ya michai iliyolowa. Naibu wa mwalimu mkuu aliisoma, akalitazama jina langu, kisha jina la mwenye sanduku, kisha mimi.

"Hawa ni nani wako?"

"Ni majirani, mwalimu."

Akaiweka juu ya nyingine, akagonga mhuri, nami nikatoka haraka kabla sijaomba anirudishie.