Nilimeza Maneno ya Mama Kabula

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Jina naomba lisiandikwe, maana mimi hata kuamkia watu naona aibu. Ila nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Nilikuwa kidato cha pili, nipo likizo. Kijiji chetu cha ujamaa, upande huu wa Geita, kilikuwa bado kipya. Akaja bwana mmoja kutoka wilayani kuuliza tujengewe nini kwanza. Yeye hakujua Kisukuma, na akina mama wengi hawakujua Kiswahili. Mwenyekiti akaniita nitafsiri. Mungu wangu! Nikasogea mbele.

Wazee wakaomba josho la ng'ombe. Hilo nililisema vizuri. Ndipo akasimama Mama Kabula, jirani yetu.

"Mwambie tunataka zahanati," akasema kwa Kisukuma. "Mwambie nilijifungulia njiani, ndani ya gari la ng'ombe, nikipelekwa hospitali ya misheni. Kitovu kilikatwa kwa bua la mtama. Mtoto hakufika. Mwambie yote, usibakize."

Wanaume wakaangua kicheko. "Kaa chini, mayu, mama wewe! Ng'ombe wanakwisha kwa kupe, wewe unatusimulia uzazi!"

"Kwani wewe ulizaliwa na ng'ombe?" Mama Kabula akamjibu mmoja wao.

Yule bwana akanigeukia. "Ndugu mwanafunzi, mama anasemaje?"

Baba yangu alikuwa amekaa mbele yangu pale pale. Uzazi, kitovu, niyatamke mbele ya baba? Kwetu binti hasemi hayo. Nikatazama chini.

"Anasema anakubaliana na wazee."

Maneno manne tu! Akaandika, akafunga daftari lake. Mwaka uliofuata josho likajengwa. Zahanati ikaenda kijiji kingine, mwendo wa nusu siku.

Desemba nikarudi tena likizo, mvua zimeshika. Mhoja, mke wa kaka yangu, akapatwa na uchungu. Tukampakia kwenye gari la ng'ombe. Mto ulikuwa umejaa, tukakwama. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Mtoto alizaliwa amechoka, akalia mara moja, basi.

Mhoja alipona. Lakini mpaka leo akitwanga husimama katikati, mchi mkononi, kama mtu aliyesahau alichokuwa anafanya.

"Tuliwaambia," Mama Kabula alisema siku ya msiba. "Walisikia, wakatupuuza."

Nilikaa siku nne. Ya tano nikamwendea, nikamweleza kila kitu. Afadhali angenipiga! Aliendelea kuchambua majani ya kunde, hata hakuniangalia.

"Tangu siku ile sijasimama tena mkutanoni," akasema. "Nilijua nimesema yote, nimedharauliwa. Kumbe sikusema kitu."

Tuliandika barua kwenda wilayani, yeye akisema, mimi nikiandika, neno kwa neno. Nilimsomea baba kwanza. Alitazama pembeni, akasema, "Ipeleke." Basi! Kumbe alikuwa anaweza kusikia.

Jibu limekuja: tusubiri zamu yetu. Tunasubiri. Mhoja ana mimba tena.

Wewe mwanafunzi mwenzangu, uliyesoma kidogo mahali ambapo wengine wa kwenu hawakusoma kabisa, ukiitwa kumsemea mama wa watu, usimchagulie la kusema. Ukiona aibu, sema hivyo hivyo na aibu yako. Mimi niliona aibu ya dakika moja, na gari la ng'ombe ndilo tutakalompakia Mhoja.