Betri Mpya ya Shemeji

Kazi yangu hapa Matisi, mtaa wa Kitale, ni kutengeneza kaseti za mashine za gemu za zamani, zile za kuchomeka kwenye TV. Za kweli zimekwisha au zimekufa, kwa hivyo nachukua bodi mpya, nachomea chipu yenye mchezo, nafunika kwa ganda la plastiki na kubandika stika. Ukiiona utaapa ilitoka ng'ambo ukiwa shule ya msingi. Wateja wangu ni wanaume wenye vitambi wanaotafuta utoto wao. Wengine huniuliza fundi yuko wapi, na pasi ya kuchomea iko mkononi mwangu. Huwajibu kwamba ametoka, warudi kesho.

Kaseti moja niliitengeneza kwa mapenzi. Ilikuwa ya mpira, ya mume wangu, wakati figo zake zilipoanza kumwangusha. Siku za kutoka kusafishwa damu hakuweza lolote ila kulala kwenye kochi na kucheza. Alifuta majina ya wachezaji wa timu yake akaandika ya kwetu. Watoto wakawa washambuliaji. Mwenye nyumba tuliyopanga alimweka benchi na hakumwingiza hata siku moja. Mimi aliniweka golini.

"Mbona golini?" nikamuuliza.

"Si hakuna kitu inakupitanga, bana. Hata meseji kwa simu yangu haikupiti."

Alifariki ligi ikiwa imebakiza mechi moja.

Tulimzika kwao Tongaren. Siku ya kunyoa nywele vitu vyake viligawanywa kama ilivyo desturi: koti kwa huyu, baiskeli kwa yule. Mashine ya gemu, kaseti ikiwa bado ndani yake, ilimwendea mdogo wake anayefanya kazi ya ofisi mjini Bungoma. Mimi nilikuwa mkekani, kichwa upara, na mjane aliyetoka kunyolewa hasimami kubishania kitu cha kuchezea. Nilikasirika hadi mate yakawa machungu.

Kilichonikosesha raha ni kitu ambacho mtu wa kazi yangu hawezi kujisahaulisha. Mchezo wenyewe uko kwenye chipu na hautoki. Lakini yale uliyoyaweka wewe, majina na ligi uliyofikia, yanakaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri bapa, kama ya saa. Betri ikiisha, au ukiing'oa hata kwa muda wa kupiga chafya, yote yamekwenda. Ile niliichomea mwenyewe na nilijua bado ina nguvu, ila haingeishi milele. Nilitaka kaseti ifike mezani kwangu niyahamishe majina yale mahali salama. Ile mechi ya mwisho sikuwa na haja ya kuicheza.

Nikampigia shemeji. Nikamwambia sitaki mashine, nataka kaseti tu, kwa sababu ina kumbukumbu ya ndugu yake. Akaguna kwa huruma, akasema nimpe muda kidogo kisha nije.

Nilimkuta nje ya ofisi yake, kaseti ameifunga kwa gazeti vizuri kama zawadi. Ni mtu mwema, lazima niliseme hilo. Kwetu ukiletewa mboga kwa bakuli, bakuli halirudi bila kitu ndani, hata kama ni mayai mawili.

"Shemeji, umesema ni kumbukumbu," akaniambia, "na mtu harudishi kitu tupu. Nimepelekea fundi wa saa akatoa ile betri ya zamani, akakuwekea mpya kabisa."

Nikamuuliza kama aliiwasha baada ya hapo. Akasema hapana, hakutaka kuichezea, ni kitu ya marehemu. Alikuwa anatabasamu akingoja, na macho yake ni yale yale ya kaka yake. Nilimshukuru. Nikashika kaseti kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyopokea, nikamwambia Mungu ambariki. Hasira yote niliyoiweka tangu mkekani ilikosa mtu wa kumwangukia, na hilo liliniuma kuliko kunyang'anywa.

Njia nzima hadi Kitale nilijidanganya. Labda fundi alikuwa mjanja, aliunganisha umeme wa pembeni kabla ya kung'oa, kama ninavyofanya mimi. Nilipofika sikuvua hata viatu. Niliichomeka kwenye TV ya kazini, nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo, nikawasha.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji.

"Inashika?"

"Inashika vizuri, shemeji. Asante sana."

Ligi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Wachezaji wote walikuwa na majina ya kiwandani, ya watu wasiokuwepo popote, na golini alisimama mtu nisiyemjua.