Tramu Haimngoji Anayekimbia

Mwamvua binti Gharib hakujaliwa kuzaa, na mtaa mzima wa Kasingirima, pale Kigoma, ulimjua kwa hilo. Mwaka wa tisini na sita, Wakongo walipomiminika kwa maboti, asubuhi moja alirudi kutoka mwaloni, boti zinaposhushia samaki, ameshika mkono wa mtoto wa kiume wa miaka sita, mwembamba kama ufito. Mtoto alikuwa amepotezana na mama yake katika vurugu za kupanda boti kule Uvira. Alijitaja jina: Jean. Mwamvua akamwita Nasri.

Maofisa walipopita kukusanya wakimbizi wawapeleke kambini, Mwamvua alisimama mlangoni, kanga kiunoni. "Huyu nimemzaa mimi. Au mnataka niwaonyeshe tumbo?" Wakaondoka. Akachinja mbuzi wa akika, mtaa ukala pilau, kisha akamkatia cheti: Nasri, miaka minne. Njaa ilikuwa imempunguza, nani angebisha?

Mwaka 2008 mchuuzi wa dagaa kutoka Uvira, aliyekuwa amemtambua mtoto, akaleta barua. Honorata, mama wa Jean, alikuwa hai. Kutoka kambini alipelekwa Ujerumani, mji wa Kassel, na sasa alikuwa akisafisha mabehewa ya tramu. Ndani ya bahasha mlikuwa na ramani ya njia za tramu, nyekundu, buluu, kijani, na kituo kimoja amekizungushia wino. Hapo ndipo kwake.

Nasri alisoma kwa sauti. "Mama, tramu ni treni ya katikati ya mji. Inakwenda kwa dakika. Anasema milango ikishafungwa, hata dereva akikuona unakimbia, anajiendea zake."

"Watu wasio na utu!" Mwamvua akacheka. "Meli yetu hapa Kigoma humngoja hata mwenye kuku."

Lakini barua ilikuwa na ombi. Mwamvua aende ofisi ya wakimbizi aseme ukweli kabla mtoto hajatimiza miaka kumi na minane, ndipo ataruhusiwa kumfuata mama yake.

"Nenda, shoga," alisema jirani yake Hasna. "Mwana wa mwenzio huyo."

"Nikaseme nini? Kwamba mlikula mbuzi wa tasa? Tena cheti kinasema ana kumi na tano. Muda upo."

Kila alasiri Nasri aliitandaza ile ramani mkekani, kidole kikifuata mstari kituo kwa kituo. Mwamvua alipita akiangalia pembeni. Mwezi ukaisha, na mwingine, na mwingine. Siku kijana alipokataa chakula chake, ndipo alipovaa baibui akaenda.

Ofisa alikuwa kijana mpole. Akaweka karatasi mbili mezani: cheti cha Mwamvua, na cheti cha ubatizo alichotuma Honorata.

"Bibi, mwenye mama Ujerumani ni Jean, na Jean ametimiza kumi na minane mwezi uliopita. Mwenye miaka kumi na sita ni Nasri, na mama yake ni wewe."

"Lakini nilisema uongo, mwanangu!"

"Uongo upi, Bibi? Wa zamani au wa leo?"

Alirudi kwa miguu mpaka nyumbani. Nasri alikuwa ukumbini, shati limepigwa pasi, ramani mfukoni. Akamtazama usoni tu, akajua.

Leo Nasri ana bajaji yake, na Mwamvua hakosi dawa wala samaki. Shikamoo yake haipungui hata asubuhi moja. Ila tangu siku ile humwita Bi Mwamvua.