Kashoka ka Tata Bukwe

Mbao nazijua. Miaka ile ya Zaïre nilikuwa fundi seremala wa kampuni, pale Kolwezi, na juu ya mashoka hakuna mtu wa kunifundisha. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Shoka la dukani, lile ambalo mpini unaingia kwenye tundu la chuma, ni la kuangusha miti na kupasua. Linakata kwa uzito wake. Kashoka ka kwetu ni kinyume: mpini una kichwa kinene, na chuma ndicho kinachoingia kwenye mpini. Kadiri unavyopiga, kinajikaza. Ukikichomoa na kukigeuza kilale, umepata tezo ya kuchimbia kinu.

Tata bukwe, baba wa mke wangu, alikuwa nako kamoja, alitoka nako kijijini kwao Musumba. Alichonga vinu na mipini ya majembe. Wamama wengi wa mtaa wetu wa Dilala walitwanga katika kazi yake, naye alitembea akijulikana.

Shefu wetu wa kazi, muzungu, alipenda vitu vya zamani vya kutundika ukutani. Mimi nilipenda cheo. Nikanunua shoka jipya, nikampelekea mzee kwa mikono miwili, nikamwomba kale ka zamani, eti ka ukumbusho. Nilijua fika kwamba mukwe hakataliwi zawadi, wala hanyimwi anachoomba. Mzee akatazama chini, akakatoa.

Nilimpa shefu, na cheo nilipata. Shefu akarudi kwao Ulaya na kashoka.

Miezi ikapita, mke wangu akaniambia, "Tata hachongake tena binu. Ile shoka yako iko nzito, na haigeukake. Weye fundi gani?"

Niliona haya. Nilizunguka soko zima nikitafuta kengine, nikakosa. Basi nikaenda kuungama. Kwa heshima ya bukwe, ya mkwe kwa mkwe, hatukutazamana. Mke wangu alikaa katikati, nami nikasema yote, hata cheo.

Mzee akamwambia binti yake, "Umuambie bwana yako, shoka yake iko muzuri. Sasa napasulaka kuni za bajirani."

Akainuka, akarudi uani kwenye lundo la kuni za watu. Nilibaki kwenye kiti, mimi fundi, nikimsikia akipiga na kukosa, akipiga tena na kukosa.